Futikamba ya Mjomba Shomari

(Ukurasa huu nimeunakili hapa kutoka daftari langu la miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa mwanafunzi niliyerudi nyumbani likizo. Sijabadili kitu.)

Baleni, Jumatano, Julai

Leo kipupwe kimetushika sawasawa. Mama ameamka kajitanda khanga mbili na bado analalamika. Mimi nimeamka na furaha ya kijinga, maana jana mkono wangu ulifunguka mara kumi na moja bila kukwama.

Nauita mkono. Ni vijiti vitatu vyembamba vya shaba, vimeungwa kwa bawaba mbili ndogo, vinakunjwa na kuingia kwenye kisanduku kisichozidi tofali. Huko chuoni, ng'ambo, mwalimu wetu anatengeneza setilaiti ndogo, na kila mmoja wetu amepewa kazi moja ya likizo: abuni mkono wa kushika antena. Uwe mwepesi, ukunjike roketi inapopanda, ujifungue wenyewe ukishafika juu. Usipofunguka, setilaiti ni bubu. Hakuna wa kupanda huko akausukume.

Mwenye mkono utakaofaulu ataingia kwenye kikundi cha mwalimu. Sisi wengine tutarudi kwenye madaraja na mabomba. Sina ugomvi na madaraja, lakini moyo wangu hauko huko tena, na Jumamosi naondoka.

Jana alasiri niliwaita majirani waone. Nikavuta uzi, mkono ukajikunjua wote, watu wakapiga makofi. Nakiri kwamba nilivimba kichwa.

Asubuhi hii nikamwita mama aone peke yake. Nikavuta uzi. Kijiti cha kwanza kikainuka kidogo, kikasita, kikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Labda umeuchosha," mama akasema.

Nikalaumu mchanga. Nikalaumu chumvi ya hewa yetu. Nikafungua bawaba zote, nikazipuliza, nikazirudisha, wapi. Mwishowe nikaenda kuchana nywele ili nisilie. Nikainamisha chupa ya mafuta ya nazi kiganjani, hayakutoka hata tone. Yameganda, meupe pe. Kila asubuhi ya kipupwe mama huiweka chupa ile dirishani ipate jua ndipo tujipake. Nimekua nikiliona jambo hilo.

Na juzi, kwa kuwa duka la ushirika halina mafuta ya cherehani, nilizilainisha bawaba zangu kwa mafuta ya nazi.

Mwanafunzi wa uhandisi!

Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia. Kisha kicheko kikaniishia. Ikiwa asubuhi ya Baleni, ambayo dawa yake ni khanga ya pili, imeweza kuukamata mkono wangu, huko juu itakuwaje? Setilaiti ikiingia kwenye kivuli cha dunia hakuna hewa, hakuna dirisha la kuanikia chupa, kuna baridi ambayo hata neno baridi haliitoshi. Nimeyasoma hayo darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeyaamini. Nilikishika kile kisanduku mapajani, nywele hazijachanwa. Kitu ninachokichora kwa penseli ya kawaida, juu ya meza ya mama yangu ya kuchambulia mchele, kinatakiwa kwenda mahali ambapo hakuna aliye hai atakayekigusa tena. Subhanallah.

Nikajua kwamba tatizo langu si mafuta tu. Ni bawaba zenyewe.

Saa tatu ilikuwa zamu ya wanawake wa safu yetu ya nyumba kupeleka maji kwenye ujenzi wa shule ya kijiji. Nikajitwika ndoo nikaenda. Mjomba Shomari, kaka yake mama, ndiye fundi seremala wa shule hiyo, na alikuwa anapima milango. Kila mtu Baleni anamjua mjomba kwa vifaa vyake. Ukimwazima randa leo, kesho asubuhi yuko mlangoni kwako anaidai. Patasi yake iliwahi kuvushwa hadi kisiwa jirani cha Juani bila ruhusa, naye akapanda mtumbwi akaifuata. Kuliko vyote anaipenda futikamba yake ya chuma, ile inayojiviringa yenyewe ndani ya kopo lake. Aliinunua kwa baharia Dar es Salaam, na hakuna nyingine kama hiyo kisiwani.

Akaivuta. Upepo ukaipiga ikapinda katikati, kisha ikajinyoosha yenyewe, tap!

Nilikaribia kuiangusha ndoo. Utepe ule una mbonyeo kidogo kwa urefu wake, kama mfereji, na mbonyeo huo ndio unaoushupaza. Ukiubana unalala, ukiuachia unasimama. Hauna bawaba. Hautaki mafuta. Nimeuona tangu sijaanza shule, na hata siku moja sikuwahi kuuona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unanitazama hivyo?"

Nikamweleza yote, hata yale mafuta ya nazi. Hakucheka. Nikamwambia nahitaji futi tatu za mwanzo. Akaibana futikamba kifuani kwa mikono miwili.

"Uzikate?"

"Ndiyo, mjomba."

"Utazirudisha lini?"

Hapo ningeweza kumdanganya, na nilitamani. "Nikishindwa, nitakurudishia mwenyewe, mkononi. Nikifaulu, huenda zikapanda na roketi. Zikipanda hazirudi."

"Hazirudi kabisa?"

"Kabisa."

Wanawake wenzangu walikuwa wamekwisha kumimina maji yao na kuondoka. Kisha mjomba akachukua mkasi wa bati, akavuta utepe mpaka futi ya tatu, akageuza uso pembeni, akakata. Akanipa kipande bila kuniangalia.

"Chukua," akasema. "Na nisizione tena."

Nimeviringa futi zile tatu ndani ya kisanduku, nikazifunga kwa uzi wa kushonea. Huko juu uzi utakatwa na waya uliopata moto. Hapa nimetumia wembe. Utepe ulichomoka kwa kishindo, ukamkosa kuku wa mama, ukasimama wima unatetemeka mbele yangu. Mama alisema mashaallah.

Jioni hii nimepita tena shuleni. Mjomba alikuwa peke yake na ubao wa mlango. Akapima, akaweka alama kwenye saba kama alivyozoea, akachukua msumeno. Kisha akasita, akautazama ubao, akacheka kidogo. Alama ile ilikuwa ya mlango wa futi nne, mlango wa mbuzi. Futikamba yake sasa inaanzia tatu. Akapima upya, safari hii kwa sauti: "Kumi. Toa tatu. Saba."

Sikumsogelea. Nilisimama nyuma ya ukuta. Kila mlango, kila dirisha, kila kitanda cha bibi harusi atakachokiunda mtu huyu tangu leo, atatoa tatu. Na hizo tatu, Mungu akipenda, zitakuwa zinaizunguka dunia, kwenye baridi ile, zimenyooka.

Kesho nitauviringa utepe tena na kuujaribu alfajiri, kabla jua halijapasha kitu. Mjomba amenikabidhi kitu chake cha kwanza ambacho hatakuja kukidai.

Ee Mola, nijalie nisikirudishe.