Mzee Asimwekee Kamanda Sumu Kabla ya Kusomewa Hii

Doha, Jumapili baada ya kazi

Kwako Wakesho, mke wangu, mama Wangui,

Salamu zikukute umekaa, kwa sababu barua hii ni ndefu na utaisoma kwa sauti mbele ya mzee. Kifua chako vipi? Magoti ya mzee yanaendeleaje na hiyo baridi ya Wamagana? Wangui ameacha kulia? Mimi mwili hauna neno. Nimenenepa hata shati za mwaka jana zimekataa kufunga. Huku najulikana. Wahindi, Wafilipino, Waarabu, nikipita wanasema, "Kenya huyo!" Nimeendesha magari ambayo chifu wetu hajayaona hata kwa kalenda. Lakini roho imenichafuka. Niko na kinyaa ambacho hata maji ya ndimu hayakiondoi, na wacha nikueleze kimetoka wapi.

Mzee nilimpigia simu mara nne juu ya yule mbwa wetu, Kamanda. Mara tatu alisema, "Uko mzima? Haya, huku mvua imenyesha," akakata. Mara ya nne ndiyo alinipa nafasi.

"Mbwa wako ni bure kabisa," akasema. "Wezi wamebeba kuku wangu wote, na yeye ameketi ndani ya kijumba chake, mlango uko wazi, anatetemeka kama bibi harusi. Jumamosi namwekea dawa."

"Baba, ngoja nikueleze kwanza."

"Mambo ya mbwa siyasikilizi kwa simu! Kama uko na maneno, andika, kama mtu aliyepelekwa shule. Bibi yako atanisomea. Mpaka nisomewe sitamgusa."

Basi nimeandika. Mzee anajua niliacha shule darasa la saba kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hivyo asianze kuhesabu makosa. Njeri wa Chaka, yule tunayefanya kazi naye nyumba moja, anakuja likizo na ataileta mkononi. Mpe chai, na umpe kile kiti cha karibu na moto. Sababu utaikuta mbele.

Sasa nianze na paka.

Hapa kwa madamu kuna paka mweupe anaitwa Lulu. Wakesho, mimi nimetembea, nimeona mengi, lakini huyo paka alinishinda. Chakula chake ni samaki wa kopo anayenuka kama mtaro wa bucha, na kazi ya kufungua kopo ni yangu. Anachanwa manyoya kwa brashi, halafu anayalamba yaliyobaki, halafu anayatapika juu ya zulia, kitu kirefu kama kidole, kina ute na joto. Anayeinama kukiokota ni mimi, Kariuki, mtu aliyekuwa katibu wa timu ya mpira. Mara ya kwanza nilikimbia nje nikatapika mimi pia. Njeri akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe sasa tumwite nani akuokote?" akaniuliza.

Siku moja madamu akasema ati Lulu ana huzuni. Amehamishwa nyumba mbili, watoto wa nyumba ya kwanza walikuwa wakimvuta mkia, sasa haamini mtu, anaishi chini ya kitanda. Akaitwa mama mmoja, mtaalamu wa roho za wanyama. Si daktari wa sindano, hapana, ni wa roho! Mama yangu marehemu alikaa siku mbili kwa benchi la hospitali na presha yake, kichwa kimeegemea ukuta, na hapa paka anafuatwa nyumbani na mtu aliyejipaka marashi. Nilisimama pale na glasi ya maji ya mgeni nikisikia kutema mate ndani.

Yule mama akavua viatu, akaketi sakafuni, akakipa kitanda mgongo. Kisha akasema, "Asivutwe. Asiangaliwe machoni. Mwache awe na mahali pa kujificha, lakini mlango uwe wake, si wenu. Mtu akae karibu, ampe mgongo, aongee polepole mambo yake mwenyewe. Chakula kiwekwe kila siku mbele kidogo. Siku akija, awe amekuja mwenyewe. Hapo ndipo ataanza kujiamini."

"Na huyo mtu wa kukaa ni nani?" madamu akauliza.

Wote wakaniangalia mimi.

Basi kila siku saa nne asubuhi, mume wako alikuwa chini kama mtoto wa nasari, akimsomea paka. Kitabu sikuwa nacho. Nilisoma karatasi ya maelezo ya mashine ya kufulia. Ikiisha namhadithia habari za nyumbani: majani chai yakiwa na umande, ng'ombe wa mzee anayepiga ndoo teke, na wewe ulivyofika kutoka Taita ukaona baridi ukavaa soksi mikononi, shangazi akaniuliza kama nimeoa mwanamke au bondia. Wiki ya tatu nikasikia kitu kinanigusa mgongo. Kichwa, kidogo hivi. Niliogopa hata kupumua. Nililia, mama Wangui, nikamlilia paka mtapikaji. Hapo usimsomee mzee.

Tangu siku hiyo paka aliacha kuninukia. Nikaanza kujinukia mwenyewe.

Hapa sasa soma polepole, mzee asikie.

Baba, kijumba cha Kamanda nilikijenga mimi. Mbao za saipresi, mabati juu, mlango wa kufuli. Majirani walikuja kukitazama, nikajipiga kifua. Nilikifanya kifupi makusudi, asiweze kujigeuza vizuri, kwa sababu wewe ulinifundisha, na wewe pia ulifundishwa, kwamba mbwa akiona watu mchana atawazoea, na akiwazoea hafai. Kukikucha, ndani. Giza likiingia, nje. Alikuwa na miezi mitatu, baba. Alilia wiki mbili, kisha akanyamaza, sisi tukasema sasa ameiva. Nilikuwa nikitoka shambani napiga yale mabati teke, ati awe na hasira. Nilikuwa nikitia pilipili kwa ugali wake, ati awe mkali. Alikula huku kamasi na machozi yakimtoka, alikula kwa sababu hakuwa na kingine, na mimi nikaita watu waje waone wacheke. Na ule uvundo wa mle ndani, mkojo wa leo juu ya mkojo wa jana. Tulisafisha mara ngapi? Mimi sikumbuki hata mara moja. Nikikaa hapa nikiwaza, mate yananigeukia kinywani kuliko siku ya manyoya ya paka.

Halafu nikamwita Kamanda. Kamanda wa nini? Ule mti wa parachichi uko hatua kumi kutoka kwa mlango wake na hajui unafananaje mchana.

Ukali hatukumpa, baba. Tulimfundisha kuogopa kila kitu kilicho nje ya lile sanduku, na sisi tukiwa wa kwanza. Sasa wezi wamekuja, unashangaa hakutoka. Angetoka amfuate nani?

Najua mahali hapa unamwambia Wakesho, "Waarabu wamemharibu kichwa, sasa anaombea mbwa." Ngoja kidogo, usiinuke. Kuna neno lingine ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Mama Wangui, nisamehe, hata wewe unalikuta sasa hivi, kwa sauti, mzee akisikiliza. Ningekuandikia kando ungelificha ili kunilinda.

Mnakumbuka niliwaambia nilishuka kwa ndege nikapokewa na gari lenye viti vya ngozi, moja kwa moja mpaka kwa madamu? Huo ulikuwa uongo. Wakala alichukua pasi zetu akatufungia kwa chumba kisicho na dirisha, watu kumi na mmoja, tungoje wa kutuchukua. Choo kilikuwa ndoo, na ndoo ilijaa kabla ya siku kuisha. Mtu akija kuchagua wafanyakazi, mlango unafunguliwa, tunamulikwa tochi usoni, anasema huyu na huyu, unafungwa tena. Siku za kwanza nilijibu kwa mdomo wangu huu mnaoujua, kwa hivyo nilirukwa. Wenzangu wakaisha. Nikabaki, wiki tano. Sikupiga simu, nikaja kuwaambia ati laini za huku zilikuwa mbaya. Nilikuwa nikinusa mikono yangu mwenyewe nikigeuza uso.

Siku madamu alipopewa jina langu na wakala, alimtuma Njeri na dereva. Mlango ukafunguliwa, wazi kabisa, jua likaingia mpaka ukutani. Na mimi, Kariuki, mdomo wote wa Wamagana, sikutoka. Miguu ilikataa. Dereva akapiga kelele, "Toka! Wewe ni mjinga?" Nikajisukuma kwa kona zaidi.

Njeri akamwambia aende akangoje kwa gari. Akaketi pale kizingitini, akanipa mgongo, akatoa mkate kwa mkoba, akaanza kula. Hakuniita. Hata hakuziba pua, na ilistahili kuzibwa. Alianza kuongea Kikuyu peke yake, juu ya Chaka, vile upepo wa mlima unapita sokoni ukiangusha vikapu vya viazi, vile mama yake hugombana na mbuzi kama anayegombana na mke mwenza. Kipande kimoja cha mkate akakiweka nyuma yake, sakafuni. Baadaye kingine, karibu naye kidogo.

"Mlima unaonekana kwenu siku hizi?" nikamuuliza. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Asubuhi tu," akasema bila kugeuka. "Baadaye unajifunika. Si unajua vile huringa."

Tulimaliza ule mkate. Ndipo nikasimama nikatoka.

Kwa hivyo siku yule mtaalamu alipokipa kitanda mgongo, mimi nilishajua hiyo kazi, ni vile tu nilikuwa nimeifukia. Huyo Njeri ndiye atakayekuwa ameketi hapo na chai yake mkisoma haya. Baba, mwangalie vizuri.

Sasa kazi zenyewe. Wakesho, mlango wa kijumba usiufungue tu. Ung'oe pamoja na bawaba, uwe kuni. Upande wa parachichi toeni mbao mbili aone nje. Kisafisheni kwa maji mengi akiwa amehamia nyuma ya ghala, na mumwekee lile koti langu la kijani. Pilipili iishe leo. Asivutwe kwa kamba. Wangui asimkimbilie, mwambie babake amesema kumpenda huyu mbwa ni kukaa mbali kidogo kwanza.

Kazi kubwa ni yako, baba. Huyo mbwa anazijua nyayo zako, na baada ya zangu hakuna anazoziogopa kama hizo. Chukua kigoda cha kukamulia, kiweke hatua tano kutoka kwa kijumba, mpe mgongo, unywe chai yako. Uongee. Wewe hujawahi kukosa la kusema, anza na hao wezi wa kuku. Ugali mkavu uutupe nyuma bila kutazama. Najua ni aibu mzee wa rika lako kuonekana anaongea na mbwa mchana, jirani akiwa kwa ua. Mwambie ni mimi nimekutuma. Jina langu limeshachafuka, litabeba na hilo.

Nisalimie dada yangu wa Kenol mwenye duka la nguo, mwambie ile suti haitanitosha tena. Nisalimie shangazi wa kwaya. Nisalimie pia fundi aliyenisaidia kupigilia misumari ya kijumba, na umwambie aje na nyundo ileile. Wangui mpake mate ya baraka ya babake kwenye paji la uso kupitia kwako, na wewe funika kifua chako kwa nguo nzito, soksi uvae popote utakapo.

Na Kamanda akichelewa kutoka, baba, usimwite mwoga. Mimi ilinichukua mkate mzima.

Ni mimi mume wako, na mwana wa huyo mzee,

Kariuki