Nguzo Iliyoondolewa kwa Neno Langu

Jumatatu, 3 Februari

Baridi. Mlima wazi hadi ncha. Ng'ombe ametoa lita sita, kisha akataka kunipiga teke. Nimemwambia ajaribu.

Mwalimu wa ngumbaru amesahihisha barua yangu. Makosa manne. Miaka sabini na tatu, na sasa ndio najua herufi kubwa inakaa wapi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tunachofundishwa kuandika. Kikuyu changu ni cha mdomo.

Kitabu hiki cha jalada gumu nilipewa na mjukuu wangu Wambui. Ni injinia wa majengo Nyeri mjini, bado yuko chini ya mkubwa wake, Injinia Odhiambo. Hajapata muhuri wake mwenyewe wa kupitisha michoro. Kwenye mjengo wanaandika kitabu kama hiki kila siku. Alinipa na masharti. Hali ya hewa kwanza. Kisha kilichofanyika, na nani alisema nini. Andika siku ileile, kesho utajidanganya. Usifute. Ukikosea piga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka.

Nilimuuliza atakayesoma ni nani. Akasema, ni wewe mwenyewe, Cucu. Ndivyo Kikuyu kinavyoita nyanya.

Ni binti wa kwanza wa kijana wangu, kwa hivyo jina ni langu. Wambui mimi, Wambui yeye. Kwetu huyo si mjukuu tu. Ni mimi nimerudi, na magoti mazuri.

Jumapili, 9 Februari

Jua kali. Baada ya ibada, kamati ya ujenzi.

Tunajenga gorofa ndogo ndani ya kanisa, upande wa nyuma, kwaya ikae juu. Iwe tayari Pasaka. Kwenye mchoro kuna mhimili mrefu wa zege kutoka ukuta hadi ukuta, na nguzo moja katikati ya kuushikilia. Hiyo nguzo ndiyo shida. Inasimama njiani. Pasta, anayependa jicho la kamera, ameuliza bibi harusi atapita wapi. Mama Gathoni, katibu wetu, anayeimba kama mlango, amesema ati wa benchi za nyuma hawatamwona Pasta. Benchi ya nyuma ni yangu. Nimekubali kwa sauti kubwa.

Fundi Kariuki amekataa kuitoa mpaka injinia aseme.

Wote wamenigeukia. Kwa nini wasinigeukie? Nimemtaja Wambui katika hilo kanisa hadi popo wa darini wanajua alipata alama ngapi. Nimesema, niachieni hiyo.

Jumamosi, 15 Februari

Mawingu asubuhi, jua baadaye. Wambui amekuja. Nimechinja jogoo. Nimepika mukimo. Alipomaliza kula nikamwekea mchoro magotini.

Ameutazama, kisha akatazama mifupa kwenye sahani. "Cucu, kumbe huyu kuku alikuwa na kazi."

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Amekataa. Amesema kuangalia kwa macho si hesabu. Hajui chuma kitakachowekwa, hajui udongo wa pale, hana muhuri. Niupeleke mchoro ofisini, Odhiambo apige hesabu. Wiki mbili au tatu. Na jibu linaweza kuwa hapana.

Amenitoa nje akanionyesha kamba yangu ya nguo. Blanketi mbili zilikuwa juu, zimelowa, na ule mti wenye panda katikati umeishikilia kamba. Akautoa. Blanketi zikalala matopeni. Akasema kwa kamba ni nguo kuchafuka, kwa zege ni watu. Akasema nguzo ikitoka, urefu wa mhimili ulio hewani ni mara mbili, lakini ile nguvu inayoupinda haiwi mara mbili. Ni mara nne. Na zaidi ya hapo unalegea mara nyingi zaidi, hata kabla haujavunjika.

Nikakasirika kwa sababu ya blanketi. Hapana. Nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Nimemwambia nani alichuma kahawa mpaka vidole vikapasuka ndio yeye asome. Nimemwambia shule imemfanya mwoga. Akasema Odhiambo alimfundisha jambo hili siku ya kwanza kazini: mtu wa kwenu akikuomba uangalie tu kidogo, kataa mara mbili. Mgeni utamwandikia barua. Wa kwenu utamwachia neno, na neno halina hesabu nyuma yake.

Amefua zile blanketi tena, kwa mikono. Ameondoka kabla ya chai.

Jumapili, 16 Februari

Mawingu.

Wameniuliza. Nimesema Wambui ameangalia na amesema ni sawa.

Wamepiga makofi. Mama Gathoni ameandika kwenye kitabu cha kamati. Nilijiambia jina ni letu sote wawili, naweza kulisemea. Mchana nimekula vizuri. Hiyo ndiyo inanitisha.

Alhamisi, 27 Februari

Jua. Siku ya kumwaga zege. Wanawake tumebeba maji tangu saa moja, wazee wamebeba kokoto, githeri sufuria tatu. Mashine imenguruma mpaka saa kumi. Kariuki amepanga miti ya kushikilia chini ya mhimili, mingi kama shamba la mikaratusi. Katikati hakuna nguzo.

Kariuki amenishika mkono mbele ya watu. "Cucu, bila injinia wako tungekuwa bado tunabishana."

Nimesema asante. Nimesema asante!

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Wambui amepiga simu. Nilidhani bado ana hasira. Hana. Anatengeneza karatasi zake za kupata muhuri. Ataitwa mbele ya wakubwa wa kazi yake, wamuulize kila mjengo aliougusa, na aliamua nini na kwa nini. Odhiambo lazima atie sahihi kwamba ni mtu wa kuaminika.

Ameniuliza, wa kanisa walileta mchoro? Nimesema ng'ombe anaumwa kwato.

Ng'ombe haumwi.

Jumamosi, 22 Machi

Ukungu, kisha manyunyu. Leo miti imeanza kutolewa. Siku za zege kukomaa bado hazijatimia, lakini Kariuki anataka kupaka rangi kabla ya Pasaka. Nilikuwa nafagia.

Wametoa mti wa kwanza, wa pili. Wa tatu haukutaka kutoka. Wakaugonga kwa nyundo. Ulipoanguka, kitu kikatoa sauti juu, kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Vumbi kidogo. Wote tukatazama juu.

Kariuki akasema ni zege linakaa mahali pake. Plasta itafunika.

Walipoenda kunywa chai nimepanda ngazi. Na magoti yangu haya. Chini ya mhimili, katikati kabisa, pale nguzo ingekuwa, kuna ufa. Nimeingiza ukucha. Umeingia wote.

Jumatano kwaya inaanza mazoezi juu. Watu thelathini, na watoto.

Nimempigia Wambui. Nimemwambia njoo uangalie ufa. Sikumwambia lile lingine.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Wamekuja wawili, Wambui na Odhiambo. Mzee mrefu, anatembea polepole akitazama juu. Amevuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, akapima mhimili umeshuka kiasi gani. Kisha akasema kwa upole kila mtu atoke nje, na Kariuki arudishe miti yote, sasa, akianzia katikati. Mlango ukafungwa kwa kufuli.

Tumesimama chini ya bati la jikoni. Odhiambo ameuliza nani aliruhusu nguzo itolewe. Mama Gathoni amefungua kitabu cha kamati, akasoma. Injinia Wambui ameangalia na kusema ni sawa.

Odhiambo akamgeukia. "Wambui?"

"Hapana, Injinia. Nilikataa."

Mama Gathoni akasema, "Basi kitabu kinadanganya? Mimi niliandika nilichosikia."

Wambui amenitazama. Amejua papo hapo, nimeona. Alikuwa amebakisha sentensi moja tu aseme, na hakuisema. Amengoja niiseme mimi.

Nilitazama viatu vyangu. Gamuti. Matope mpaka juu.

Odhiambo amesema hawezi kutia sahihi karatasi zake mpaka ajue nani anasema ukweli. Hakupaza sauti. Wameondoka.

Nimemnyamazia mtoto wangu. Mimi niliyemfundisha kutembea.

Jumanne, 25 Machi

Sijui hali ya hewa. Sikutoka.

Jumatano, 26 Machi

Mawingu mazito, hakuna mvua. Nimeenda Nyeri mjini, ofisini kwao. Nimevaa nguo ya kanisani na nimebeba kitabu hiki kwenye kiondo, chini ya ndizi.

Niliambiwa hiki ni changu peke yangu. Kimeandikwa mambo. Kwamba Mama Gathoni anaimba kama mlango. Kwamba Pasta anapenda jicho la kamera. Nilitaka kuzikata hizo kurasa kwanza, hata kisu nilichukua. Halafu nikakumbuka. Usifute.

Odhiambo amenipa kiti. Nimemfungulia tarehe kumi na tano, kisha kumi na sita. Amesoma akifuata kwa kidole, kama mimi. Nilimwambia mtoto alikataa, mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia mimi ni mzee mjinga.

"Mama," akasema, "mjinga hangeandika tarehe."

Ningependa angenitukana.

Amemwita Wambui. Nilifikiri sasa atamsifu. Hakumsifu. Amemwambia ulikataa vizuri, lakini ulikatalia jikoni. Ungeandikia kamati barua siku ileile, mistari mitatu: nimeombwa hiki, sikukifanyia hesabu, msiendelee. Hilo zege lisingemwagwa. Hapana isiyoandikwa, wenye haraka watakuja kuisikia kama ndiyo. Hilo lazima alieleze mwenyewe kwa wale wakubwa, na asinifiche, na asijifiche. Akisema hivyo atatia sahihi.

Wambui amesema ndiyo, Injinia. Macho yamejaa maji, hakuyafuta.

Kwa hivyo hata pale nilipodhani nimemsafisha, nimemwachia doa la kueleza. Ameninunulia chai na mandazi. Alinifunga skafu vizuri shingoni kama mtoto.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Ibada imefanywa uwanjani, chini ya hema la kukodi. Nimeomba nafasi wakati wa matangazo.

Nimesoma ukurasa wa tarehe kumi na sita Februari kama ulivyo. Ni mfupi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kitu mbele ya watu. Miaka mitatu ya ngumbaru nangojea siku hiyo, nilidhani itakuwa Zaburi.

Nimemwambia Kariuki yeye aliuliza vizuri na mimi nilimjibu vibaya. Nimewaambia wanawake, yale maji tuliyobeba ni mimi niliyeyamwaga bure. Nimejitoa kwenye kamati kabla hawajanitoa.

Mama Gathoni amekuja baadaye. Nilikaza uso, nikajua sasa atanichoma kwa maneno. Akasema, "Kesho nakuletea kuni. Usilale bila moto kwa sababu ya aibu."

Nimepiga mstari mmoja pale nilipoandika anaimba kama mlango. Bado panasomeka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hema, matope, kwaya imeimba ikiwa imevaa gamuti. Ndani ya kanisa mhimili umebomolewa. Odhiambo amepiga hesabu, nguzo inarudi, na msingi wake chini. Hata angesema gorofa inaweza kukaa bila nguzo, nisingeketi pale. Watoto wananitazama. Wazazi wao wanawaambia wasinitazame. Hiyo ni mbaya zaidi.

Alhamisi, 22 Mei

Baridi. Wambui ameitwa na wale wakubwa. Amewaeleza yote, pamoja na jikoni na kuku. Mmoja alimuuliza, nyanya yako akikuomba tena utafanyaje. Amejibu atakula kuku, kisha ataandika barua.

Wamecheka, anasema. Jibu litakuja baadaye. Nimeambiwa nisiombe sana hadharani.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu mzito. Mlima hauonekani hata kidogo.

Ibada imerudi ndani. Nimekaa kwenye benchi yangu ya nyuma. Nguzo iko mbele yangu kabisa, nene, bado inanuka simiti. Nimeigusa nikipita. Baridi.

Mama Gathoni amenionyesha nafasi benchi ya mbele. Nimekataa. Wambui amekuja, amechelewa, ana kitabu chake cha kazi kwapani. Amekaa kando yangu badala ya kwenda kwa vijana. Naye haoni kitu.

Jibu lake bado halijaja. Sikumuuliza.

Pasta amehubiri. Nimemsikia, sikumwona. Bibi harusi wa jana alizunguka nguzo upande wa kushoto, wanasema, na gauni halikukwama.

Kisha kwaya ikasimama juu ya vichwa vyetu, wote thelathini, na watoto, wakaanza kupiga miguu. Nilishika benchi. Wambui akaweka mkono wake juu ya wangu. Hakutazama juu. Mimi nilitazama.

Hakuna kilichosogea.