Kimya Nilichokivunja Ukumbini

Ukumbi wa Maigizo,
Ofisi ya Mkurugenzi wa Sanaa,
Ghorofa ya Juu.
14 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kulilaani. Shemeji naye aendeleaje? Wapwa zangu je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Uliniuliza cheo kinanikaaje. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwigizaji; huu ni mwezi wa saba tangu niwe mkurugenzi wa sanaa, mwenye kuchagua michezo, kugawa nafasi na kutia saini barua za watu. Nimepewa ofisi yenye mlango, na sikujua kwamba mlango waweza kuwa adhabu. Wenzangu wakivalia maleba huko chini, vicheko vyao hunifikia kupitia ngazini. Nikishuka, vinakatika kama redio iliyozimwa. Mshonaji wetu, aliyekuwa akinichapa mgongoni kwa utepe wake wa kupimia kila niliponenepa, siku hizi huniambia, "Karibu, Mheshimiwa," na kunivutia kiti.

Bila shaka unamkumbuka Ngurumo, mwenzangu wa jukwaani, yule mwenye sauti nzito aliyekuja kwako mara moja tu akamaliza sufuria. Tulikuwa na desturi yetu: mmoja akisahau maneno yake, mwingine humnong'oneza bila kutikisa midomo. Tumeokoana mara nyingi mno, na hadhira haikujua.

Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita, alasiri, aliigiza baba anayeletewa habari za kifo cha mwanawe. Alipokwisha kuambiwa, akanyamaza. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma. Kimya kikarefuka, na kabla sijajitambua nikayatamka maneno yake kwa sauti ya kufika jukwaani. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Wengine walicheka.

Dada, hakuwa amesahau. Kimya kile alikuwa amekitafuta tangu mazoezi ya kwanza, na siku hiyo ndipo alipokipata kwa mara ya kwanza.

Nilimfuata chumba cha kuvalia, nikamkuta akijifuta rangi usoni.

"Umeniumbua, Mkurugenzi," aliniambia kupitia kioo.

"Nilidhani umekwama, ndugu yangu."

"Ungekuwa jukwaani nami ungeyaona macho yangu. Huko ulikohamia, bwana, macho hayaonekani."

Laiti yangeishia hapo! Jumatatu kamati ya ukumbi ilikutana, na mwenyekiti akasema kwamba mzee Ngurumo ameanza kupoteza kumbukumbu, heri apumzishwe. Barua ya kumstaafisha ilikwisha pigwa chapa. Ilingoja saini yangu. Mashahidi wa kusahau kwake walikuwa ukumbi mzima. Shahidi wa ukweli nilikuwa mimi peke yangu.

Nikairudisha barua mezani. "Hakusahau. Mimi ndiye niliyeuharibu mchezo."

"Basi," akasema mwenyekiti, akivua miwani, "kiti hicho tumemkalisha nani?"

Hakuna aliyecheka. Wamenipa miezi sita ya kutazamwa kama cheo kinanifaa. Ngurumo akabaki na nafasi yake.

Jumamosi iliyofuata alipofika pale pale, nilijiziba mdomo kwa viganja viwili. Kimya kilikwenda, kikaenda, hata mama mmoja mbele yangu akaacha kujipepea. Kisha Ngurumo akasema. Sijapata kuona kazi kama ile, wala sikuwa na wa kumshika mkono nimwambie, "Umeona?" Karibu na mkurugenzi hapaketi mtu.

Nilimngoja kwenye mlango wa waigizaji. Habari za kamati zilikwisha mfikia. Alinipa mkono kwa adabu. "Asante, Mkurugenzi," akasema, akawafuata wenzake. Nilibaki nimesimama hata mlinzi akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia hapana.

Nisalimie Shemeji, Mama Mdogo na wapwa zangu wote, hasa yule kitindamimba anayeiga sauti za watu. Usimkataze, ila mwambie ajifunze pia kunyamaza. Mwenyezi Mungu awalinde, awape usingizi mwema na riziki isiyo na masimango.

Nawe ukinijibu, Dada, nakuomba usiandike cheo changu juu ya bahasha. Andika lile jina uliloniitia chakula tulipokuwa wadogo. Hapa hakuna anayelijua.

Ni mimi, mdogo wako, nikupendaye kuliko niwezavyo kuandika.