Shangazi Zangu na Mtumbwi wa Babu Yako

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, marahaba, mama. Huku Lipangalala tu wazima, mpunga umechanua, na babu yako amepata meno mapya. Anatafuna miwa barazani makusudi ili majirani waone.

Umeuliza maana ya neno la bosi wako, "second-guess". Kamusi yangu isiyo na jalada inasema lilitoka Marekani, kwa watazamaji wa mchezo wao wa kupiga mpira kwa gongo. Mchezo ukiisha, waliokaa ndio wanaojua mchezaji angefanya nini. Basi ni kukosoa uamuzi wa mwenzio ukishaona matokeo.

Mimi nililifahamu kabla ya kamusi. Miaka ya hamsini niliposwa na wawili: karani mwenye baiskeli na mvuvi wa kijiji cha Mofu mwenye mtumbwi. Nikamchagua mvuvi. Shangazi zangu walikula wali wa harusi huku wakinung'unika, "We mtoto, ungemchukua wa baiskeli!"

Masika yale maji ya mto Kilombero yakafika uani kwa shangazi. Baiskeli ya karani ikaning'inizwa kwenye paa la nyumba yake. Mimi na babu yako tukaja na mtumbwi, tukawapakia shangazi na kuku wao. Tulipofika katikati ya maji, shangazi mkubwa akatangaza, "Kijana huyu tulimtaka tangu mwanzo!" Nilicheka nusura nitupindue.

Kwa hiyo huko kazini wewe amua tu, mama, wa kukosoa baadaye hawakosekani. Babu yako amechungulia barua hii, anasema yeye angeianza na mtumbwi. Nimempa kalamu. Ameenda kutafuta muwa.

Bibi yako anayekupenda