Profesa wa Bakteria

Tangazo kwa taifa zima: ukoo wetu umepata profesa wa bakteria. Ni baba mkubwa. Shahada ameipata leo, akiwa amekaa tu wodini.

Mdogo wangu ana homa ya uti wa mgongo, hajafungua macho tangu juzi, na baba mkubwa anasema, "Wa kitanda cha pili ana ugonjwa huohuo na anacheza. Huyu kadekezwa!"

Kadekezwa! Mama akalia.

Daktari akamkatiza: "Mzee, bakteria hawafanani. Tumepima vinasaba vyao, waliomwingia huyu ni wa aina kali."

Nikacheka waziwazi. Daktari akanigeukia. "Wewe tuliyekupa vidonge vya kinga usiambukizwe, mkojo umebadilika rangi?"

"Hata kidogo!" nikajibu kwa majivuno.

"Basi hukumeza, maana huufanya mwekundu. Unataka kumfuata mdogo wako?"

Nilivitupa sinkini, ndugu wananchi. Nimekiri, na mama hanitazami.