Nimeuosha Msonobari wa Marehemu kwa Sabuni

Chizuru, nimeua mti wa marehemu mke wa Mzee Kuwabara! Ule msonobari wa chunguni alionipa mzee nijifunzie bonsai, ile sanaa ya kukuza miti midogo!

Leo nimeutoa nibadilishe udongo, nikakuta mizizi imejaa ukungu mweupe. Nikadhani imeoza. Nikaiosha. Kwa sabuni!

Nikampigia mwalimu wetu wa bonsai, najisifu kabisa.
"Kwa sabuni?"
"Ndiyo, Mwalimu."
"Sabuni ya vyombo? We Sayoko! Ukungu ule ndio unaoulisha msonobari!"



Anasema niupande upesi, nichanganye na udongo wenye ukungu kutoka msonobari mwingine, huenda ukapona. Na mtaa huu nani ana mwingine? Mzee Kuwabara mwenyewe!

Niko mlangoni kwake na bakuli. Nimeshabonyeza kengele. Namsikia anatafuta kandambili.