Mvinyo Mwekundu wa Mama Kulwa

Jumanne, 3 Juni

Nimeshinda Mkula tangu asubuhi, habari ya pamba. Mizani, magunia, foleni. Nimepata nilichokifuata. Wakati wa kurudi nikapita duka moja la vinywaji Kiloleli kuangalia chupa, kama kila safari. Nyekundu zilikuwa mbili. Ya kwanza tamu kama dawa ya kikohozi. Ya pili haina sukari, lakini imekaa dirishani inapigwa jua, sijui tangu lini. Nimeinunua ili niwe na uhakika. Imeungua. Ladha ya jamu iliyosahauliwa jikoni. Nimeimwaga kwenye mchicha.

Kanuni yangu haijabadilika tangu nilipofanya kazi Dodoma: mvinyo mwekundu, usio na sukari, na bei ya chupa isizidi kilo moja ya nyama. Tangu nihamie Bariadi nimejaribu aina kumi na tisa. Nne zinanyweka. Nzuri, hakuna.

Alhamisi, 5 Juni

Ipo.

Duka la Mama Kulwa hapa Somanda, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mjane, mama wa mapacha. Anauza misumari, mchele, mafuta ya kupaka, bia. Miaka miwili nanunua chumvi pale na sikuwahi kuuliza. Leo nimeuliza. Akanionyesha friza: zote tamu. Nikataka zisizo na sukari. Akacheka.

"Zile chungu? Ziko kule nyuma, dada. Hata panya hawazitaki."

Chumba cha nyuma hakina dirisha. Ukuta mnene wa tofali za udongo, upande usiopata jua. Nyuma ya magunia ya mchele, katoni mbili. Zabibu za Dodoma, lebo nyeupe isiyo na picha. Nikashika chupa. Ubaridi wa mtungi. Bei iko chini ya kilo ya nyama, tena ya mifupa.

"Nikuwekee kwenye friza kidogo?"

"Hapana."

"Utainywa hivyo hivyo, kama uji?"

Nimeifungua saa kumi na moja, barazani, na karanga za kukaanga. Ganda la zambarau. Pilipili manga. Halafu moshi, ila si wa kuni wala wa sigara, nimeshindwa kuutaja. Ulimi unakauka kama umekunywa chai ya rangi iliyokolea, kisha mate yanarudi yenyewe. Nimeonja tena kuhakikisha. Nikaonja mara ya tatu.

Nimeripoti mafuriko, ajali na chaguzi. Sina tabia ya kushangaa. Leo nimeweka glasi chini na kusahau karanga hadi zikapoa. Kitu kama hiki, nyuma ya mchele, mwendo wa dakika nne kutoka kitandani kwangu.

Jumamosi, 7 Juni

Kikao cha harusi ya binti wa jirani. Harusi ni tarehe 21. Mimi ni katibu. Mwandishi wa habari akikaa kwenye kamati yoyote anapewa kalamu.

Hoja ya mvinyo wa mezani. Nimeutaja ule wa Mama Kulwa. Mwenyekiti, Mwalimu Masunga, mkuu wa shule mstaafu, akaniangalia juu ya miwani: "Unaujua?" Nikasema ninaujua. Ikapita. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Mama Kulwa anaagiza katoni kumi, zinakuja na lori la Jumatano. Alinishika mikono yote miwili kunishukuru. "Wabeja, dada. Wabeja sana." Mtaji wake wa msimu mzima anauweka hapo, kwa neno langu.

Nimefurahi. Zaidi ya inavyonipasa.

Jumatano, 11 Juni

Zimefika. Nimezigusa moja moja. Zimesafiri vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya.

Nilikuwa Mkula. Kamati ikaamua kuonja bila mimi. Chupa tatu zimekaa kwenye friza tangu asubuhi hadi zikaanza kuganda. Wakamimina kwenye vikombe vya plastiki, wakala na keki. Mwalimu Masunga akatema kwenye maua. Akasema mbele ya wote: "Hii imechacha. Huyu mama anatuuzia siki."

Kauli yake ikitoka, Somanda nzima inaibeba. Saa tisa niliposhuka kwenye gari, vijana wa bodaboda walikuwa wanaulizana nani anataka siki ya Mama Kulwa akaungie kachumbari. Watu wawili wamerudisha hata mchele.

Nimekwenda dukani. Mama Kulwa hakupaza sauti. Alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kuwa safi.

"Dada, si wewe ndiye uliyesema?"

Ni mimi. Ubaridi mkali unaua harufu na kuacha uchungu peke yake. Keki inaufanya uchungu uwe mara mbili. Nalijua hilo kwa miaka. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika aina ya mvinyo na idadi ya katoni. Sikuandika namna ya kuunywa. Miaka ishirini na sita nawafundisha vijana kazini kwamba habari isiyo na "vipi" haijakamilika.

Nimeona aibu. Nikisema vinginevyo nitakuwa naidanganya karatasi.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi kwa Mwalimu Masunga. Nimekiri kosa langu, nikaomba kamati ionje mara ya pili, kwa utaratibu wangu.

"Mwandishi, siki ni siki hata ukiivalisha tai."

Nikamwambia tutaonjea kwa Shija, muuza nyama choma. Akafikiri.

"Kwa ajili ya nyama nitakuja. Hiyo nyingine utakunywa mwenyewe."

Amesema wazi: ikishindikana, kamati itazirudisha katoni zote kwa Mama Kulwa Jumapili. Dodoma hawazipokei tena, nimepiga simu kuuliza. Atabaki nazo, na jina la muuza siki. Duka halitafika Agosti.

Nimemwalika Mama Kulwa aje. Amesema hana wa kumwachia duka. Anaye, binti yake mkubwa. Sikumbishia.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mpangilio, nisije nikapotosha.

Saa tano na nusu: chupa sita nyuma ya banda la Shija, upande wa upepo, nimezifunga vipande vya khanga vilivyoloweshwa. Shija akaja kutazama, kisu mkononi.

"Dada, hizi chupa zina homa?"

"Zinashushwa joto kidogo."

"Basi zipe na panadol."

Saa sita: kamati yote, watu tisa. Nimeagiza nundu. Shija aliikata vipande vinene, chumvi tu, ikachomwa hadi mafuta yakaanza kudondokea mkaa na kulia. Nikatoa amri moja: nyama kwanza, kisha mvinyo, na asiyemeza nyama asiguse glasi.

Mwalimu Masunga akala. Mafuta yakamng'arisha midomo. Akachukua glasi kama anayepewa kwinini, akanywa.

Hakutema.

Nilikuwa namtazama koo. Akachukua kipande kingine cha nundu. Akanywa tena, taratibu. Kisha akaiinua glasi puani. Sijawahi kumwona mtu wa hapa akifanya hivyo bila kuambiwa.

"Kibuyu," akasema.

Kwa mazoea nikauliza: kibuyu kipi?

"Cha maziwa. Mama alikuwa anakifukiza kwa kijinga cha moto kabla ya kumimina. Siku ya kwanza maziwa yanakuwa na harufu hii. Ya kwanza tu."

Nikanusa. Ni huo. Moshi nilioshindwa kuutaja tangu wiki iliyopita, mzee aliyetema kwenye maua ameutaja kwa neno moja. Nimejiona mdogo, na nimependa kujiona hivyo.

Shija alichukua glasi bila kuomba. "Mh. Hii inayakata mafuta kama kisu." Akarudi jikoni na glasi yake. Wengine wakafuata. Kwa muda, pengine dakika mbili, watu tisa wazima walisimama kuzunguka jiko la mkaa, wanatafuna, wanakunywa, wanatazama ndani ya glasi.

Halafu Mwalimu: "Ulituacha tukaiua kwa baridi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Andika sasa."

Nikaandika na kusoma kwa sauti: isiwekwe kwenye friza, ifungwe kitambaa kibichi nusu saa, inywewe na nyama, keki ije baada ya chupa kuondolewa mezani. Ikapita bila kupingwa.

Nikamuuliza, na jina la Mama Kulwa je? Akafuta mikono kwa leso, kidole kimoja baada ya kingine, akaondoka. Harusi imeokoka. Jina lake Mama Kulwa bado. Nilifika dukani kumwambia yaliyotokea, akatikisa kichwa. "Ninyi mmeonja watu tisa. Walionisema ni mtaa mzima."

Kweli.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa ya kwanza barabara imejaa. Nilikuwa langoni kwangu.

Mwalimu Masunga, koti la Jumapili, kofia. Siku zote hurudi na bodaboda. Leo alikuja kwa miguu hadi dukani na akabaki nje ya kizingiti, akasalimu ili asikike.

"Mwangaluka, Mama Kulwa! Nipatie zile nyekundu. Mbili."

Mama Kulwa alizitoa na gazeti la kufungia. Mwalimu akalikataa gazeti. Akazishika chupa kwa shingo, moja kila mkono, akapita nazo katikati ya barabara, mbele ya akina mama wa kwaya, mbele ya kijiwe cha bodaboda. Mwendo wa maandamano.

"Mwalimu, hiyo si ile siki?" kijana mmoja akamchokoza.

"Jumatano mimi ndiye niliyekosea. Wewe unakosea hadi leo."

Ilikuwa Alhamisi. Sikumsahihisha.

Nimesoma masahihisho mengi magazetini, mistari miwili chini ya ukurasa wa ndani. Sijawahi kuona masahihisho yakitembea kwa miguu. Nilibaki nimesimama hata baada ya yeye kukata kona.

Kabla ya adhuhuri watu watano wameulizia ile nyekundu. Mmoja ni yule aliyerudisha mchele.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo, vumbi. Nimemaliza habari ya pamba na kuituma.

Saa nane nikaenda dukani, na chupa niliyoifunga kitambaa, na nyama kidogo kwenye hotipoti. Mama Kulwa akaegesha mlango nusu. Akaniambia ambacho hakumwambia mtu: hajawahi kuuonja mvinyo wake. Hata Alhamisi, hata chupa zilipokuwa mbele yake. Aliogopa akiuonja atakuta walikuwa wanasema kweli.

Aliketi juu ya katoni. Nikammiminia kidogo. Akala, akanywa, akafumba macho. Glasi aliishika kwa mikono miwili.

Mteja akaita kutoka nje, anataka sabuni. Akaita tena.

Mama Kulwa hakunyanyuka.